Umefunzwa kuvaa uhusika. Nani alikufunza kuuvua?

Kama wewe ni mwigizaji chipukizi Kibera au Kawangware, kuna maneno ambayo lazima umewahi kuambiwa kwenye mazoezi. Umesimama katikati ya ukumbi wa kanisa, skripti inataka mhusika wako alie, na machozi hayaji. Mwelekezi anakupigia kelele: tumia uchungu wako, kumbuka kitu kilichokuumiza! Basi unafunga macho na kuanza kuchimba. Unakumbuka mazishi. Unakumbuka usiku wa fujo. Unakumbuka mtu fulani ambaye hujawahi kumtaja kwa yeyote. Machozi yanakuja, tena mengi. Wenzako wanapiga makofi, na mwelekezi anasema hiyo sasa ndiyo kazi.

Halafu saa kumi na mbili inafika. Mlinzi anataka kufunga ukumbi na kila mtu anashika njia yake. Wewe unaenda nyumbani ukiwa bado umebeba kile ulichokichimba. Hakuna aliyekuuliza unaendeleaje, na kesho saa nane mchana utaombwa ukichimbe tena.

Msimamo wetu ni huu: maandalizi ya akili ni sehemu ya kazi ya mwigizaji, sawa tu na kukariri mistari. Na maandalizi hayo si kufukua vidonda. Ni kujua kuingia ndani ya mhusika na kujua kutoka. Ile nusu ya kwanza tunafundishana vibaya. Ile ya pili, wengi wetu hatufundishani kabisa.

KAZI ZETU NI ZA UCHUNGU

Hebu tuangalie kazi zenyewe. Kijana wa mtaa anayeigiza hapa Nairobi ana milango mitatu hivi. Wa kwanza ni setibuku: unazunguka shule za upili na kikundi chako mkiigiza tamthilia ambazo wanafunzi watatahiniwa. Wa pili ni maigizo ya uhamasishaji: shirika linalipa kikundi kiigize kuhusu Ukimwi, dhuluma za kijinsia, dawa za kulevya, au amani kabla ya uchaguzi. Wa tatu ni filamu na vipindi vya runinga.

Kwenye milango yote mitatu, angalia ni wahusika gani wanakuja kwetu. Mwizi, chokoraa, mlevi, mjane, msichana aliyenajisiwa, kijana aliyepigwa risasi na polisi. Ni nadra mtu kupiga simu Kawangware akitafuta wa kuigiza rubani.

Sisemi kazi hizo ni mbaya. Kibera imetoa filamu za kujivunia. Mwaka wa 2010, Soul Boy yake Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, ilimweka kijana Samson Odhiambo katikati ya hadithi ya mtoto anayehangaika kuikomboa nafsi ya baba yake. Miaka minne kabla ya hapo kulikuwa na Kibera Kid, filamu fupi ya Nathan Collett. Mradi wa Collett ulikua ukawa Hot Sun Foundation, shirika lililoanzisha Kibera Film School kufunza vijana wa mtaa kazi ya kamera, uhariri na uelekezaji.

Lakini fikiria Togetherness Supreme, filamu ya Collett iliyotoka pia mwaka wa 2010. Inahusu marafiki wawili wa makabila tofauti, Kamau na Otieno, na vile ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilivyowavuruga. Ilipigwa Kibera kwenyewe, kwa kuwashirikisha wakazi. Yaani, watu waliokimbia moto mwanzoni mwa 2008 waliombwa, muda mfupi tu baadaye, wakimbie moto wa kuigiza kwenye vichochoro vilevile.

Hiyo ni kazi nzito. Inahitaji ujasiri, na jamii ina haki ya kujisimulia yenyewe. Lakini swali letu linabaki: mtu anayeigiza jambo lililompata yeye mwenyewe, mahali lilipompata, anahitaji maandalizi gani kabla ya kamera kuwaka, na msaada gani baada ya kuzimwa?

Kawangware nako ni hivyo. Oktoba 2017, baada ya ule uchaguzi wa marudio, fujo zilipiga eneo la 56, maduka yakachomwa na majirani wakakimbiana. Uchaguzi unapokaribia, vikundi vya mtaa huitwa kuigiza amani. Kuigiza amani maana yake ni kuigiza vita kwanza. Aliyepewa panga la mbao pengine aliwahi kuliona la chuma.

HII TABIA YA KUCHIMBA ILITOKA WAPI?

Mwelekezi anayekwambia utumie uchungu wako hakujibunia hilo. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyezaliwa mwaka wa 1863 na aliyeshiriki kuanzisha Moscow Art Theatre mwaka wa 1898, ndiye aliyeanza kupanga mafunzo ya mwigizaji hatua kwa hatua. Kati ya mengi aliyojaribu lilikuwa hili: mwigizaji akumbuke hisia aliyowahi kupitia, imsaidie jukwaani. Kule Marekani, Lee Strasberg alilishika hilo moja akalifanya nguzo ya mafunzo yake. Kutoka hapo likasambaa duniani, hadi kwenye warsha zetu za wikendi.

Kuna kipande cha stori hiyo ambacho hakisimuliwi sana. Mwaka wa 1934, mwigizaji wa New York aitwaye Stella Adler alikutana na Stanislavski mjini Paris, akafanya naye kazi wiki kadhaa. Aliporudi kwao alikuwa na habari ambayo wenzake hawakuitarajia. Mzee mwenyewe hakuwa tena anategemea kumbukumbu za kibinafsi. Alikuwa anasisitiza mazingira ya mhusika, ubunifu wa mwigizaji, na vitendo vya mwili. Strasberg hakukubali, na mvutano wao haukuisha.

Kwa hivyo, ukiambiwa kwamba mwigizaji wa kweli ni yule anayejichimba, jua kwamba hiyo ni njia moja kati ya kadhaa. Tena ni njia ambayo watu wa kazi hii wamebishania tangu miaka ya 1930. Hulazimiki kuifuata ndipo uitwe msanii.

Na huhitaji kwenda Urusi wala Marekani kupata ushahidi. Mkumbuke Mzee Ojwang. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alimwigiza mzee Mjaluo kwenye kipindi cha Vitimbi cha KBC kwa miaka mingi, lafudhi na yote. Watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba huyo ni mzee wa kutoka Nyanza. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Maisha ya Ojwang hayakuwa maisha yake. Alimjenga kwa kutazama watu, kusikiliza vile wanavyoongea, na kubuni yaliyobaki. Kenya nzima ikacheka na kumpenda, katika nchi ambayo kabila la mtu huulizwa kabla ya jina lake.

Ukiweza kumjenga mtu ambaye si wewe, una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ukijitumia mwenyewe tu, utatokea wapi?

KUJIANDAA NI NINI BASI?

Wanariadha wetu wanalielewa jambo hili vizuri. Eliud Kipchoge alipokimbia mbio za marathon chini ya saa mbili kule Vienna, Oktoba 12, 2019, hakuna aliyeshangaa kusikia akizungumzia akili kama anavyozungumzia miguu. Anajulikana pia kwa kuandika mazoezi yake kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Mwanariadha akisema ananoa akili, tunaita nidhamu. Mwigizaji akisema hivyo, mbona tunaona kama anajifanya staa?

Kazi yenyewe haina uchawi. Inaanza na mwili. Umetoka Gatwekera au Gatina, umepita makelele ya mtaa, pengine umetembea mguu ili kuokoa nauli. Ukiingia kwenye onyesho moja kwa moja, unaingia na hayo yote. Dakika tano za kujinyoosha na kupumua polepole, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, zinashusha mapigo ya moyo na kukuleta ulipo. Ni vilevile hata kwa odisheni. Ule mtetemeko wa mikono ni mwili unaodhani kuna hatari, wala si ishara kwamba huna kipaji. Mwambie kwa pumzi kwamba hakuna.

Na ule kitu. Hili linaonekana dogo, lakini kuna vikundi vinafanya mazoezi ya saa nne na mtu hajatia kitu mdomoni tangu jana. Njaa si mbinu ya uigizaji. Mtu mwenye njaa hasira zake ziko karibu, machozi yake yako karibu, na mwelekezi anaweza kudhani hicho ni kipaji. Siku akiwa ameshiba, hicho "kipaji" hakionekani.

Baada ya mwili kuna maswali. Mhusika ni nani? Yuko wapi, saa ngapi, ametoka kufanya nini? Anataka nini kutoka kwa huyu aliye mbele yake? Ni nini kinamzuia? Hayo maswali, ambayo mengi yalitoka kwa huyohuyo Stanislavski, ndiyo mlango wa kuingilia.

Chukua Yona kwenye Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo vikundi vingi vimeizungusha shuleni miaka hii. Yona ni baba aliyezama kwenye pombe, huku mkewe Sara akiugua. Tuseme umepewa Yona, na baba yako mwenyewe ni mlevi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kumleta baba yako jukwaani: zile kelele, ile harufu, zile usiku ulizolala kwa jirani. Itafanya kazi siku ya kwanza. Shule ya tano, utakuwa umechoka. Shule ya ishirini, hujui tena unamchukia Yona au mzee wako, na ukirudi nyumbani jioni yuko pale mlangoni.

Njia ya pili ni kumuuliza Yona. Alianza lini kunywa, na kwa nini? Maneno gani ya majirani yalimuuma? Anaposimama mbele ya mkewe mgonjwa, anaficha nini? Akitembea, uzito wake uko wapi, kwenye visigino au kwenye vidole? Anaishikaje chupa? Hapo unajenga mtu. Utatumia unayoyajua kuhusu ulevi, ndiyo, kwa sababu umeyaona na hayo ni maarifa. Lakini kuna tofauti kati ya kutumia maarifa na kufungua kidonda. Maarifa unayashika mkononi. Kidonda chenyewe ndicho kinakushika wewe.

Kiswahili kina neno dogo linalosaidia hapa: kama. Kama mimi ningekuwa katika hali yake, ningefanya nini? Hilo neno linakuruhusu kuingia na pia linakukumbusha kwamba ni kama tu.

Maandalizi yana kitu kingine ambacho vijana wengi wanaogopa kusema: mipaka. Kabla ya onyesho la kupigana au kushikana, kubalianeni. Utanishika wapi, kwa nguvu gani, na nikisema neno hili tunasimama. Kama kuna jambo kwenye skripti linalofanana mno na lililokupata, una haki ya kumwambia mwelekezi, pembeni, bila kueleza kwa nini. "Hiyo siwezi kwa sasa" ni sentensi kamili.

NA UKIMALIZA, VUA

Kwa Kiswahili tunasema mwigizaji amevaa uhusika. Ni msemo mzuri kwa sababu una jibu ndani yake: kinachovaliwa huvuliwa. Hakuna anayelala na yunifomu ya kazi. Lakini tunawaacha vijana wetu walale na wahusika wao.

Kuvua uhusika ni desturi fupi ambayo kikundi chochote kinaweza kuianza leo. Onyesho likiisha, mwelekezi anasema wazi kwamba tumemaliza. Kila mmoja anavua kile alichovaa kama mhusika, hata kama ni leso au kofia tu, na kukiweka kwenye sanduku. Mnasimama mduara. Kila mtu anataja jina lake halisi na anataja kitu kimoja anachokwenda kufanya akitoka hapo: nitapika ugali, nitamsaidia dogo na hesabu, nitaangalia mechi. Mnatikisa mikono na miguu. Mnacheka kidogo. Aliyeigiza mpigaji na aliyeigiza mpigwa wanasalimiana kwa majina yao. Halafu mnaenda.

Dakika kumi. Haihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Hata timu ya mpira ya mtaani hainyang'anywi dakika za kupoza misuli baada ya mechi.

Kuna sababu ya ziada kwetu sisi wa mtaa. Ukiigiza kwenye ukumbi mkubwa wa Kenya National Theatre, watazamaji wanaenda kwao na wewe unaenda kwako. Ukiigiza Laini Saba au Stage 2, watazamaji ni majirani. Jumamosi umeigiza mwizi, Jumatatu mama wa duka anakuita kwa jina la mwizi. Dada aliyeigiza msichana aliyenajisiwa anaulizwa kwenye bomba la maji kama ile stori ni yake. Uhusika unamfuata mtu hadi kwenye foleni ya maji, kwa sababu hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema: huyu ni mwigizaji, anaitwa fulani, na hii ilikuwa hadithi.

Kwa hivyo desturi ya kuvua ifanyike mara mbili. Mara moja mbele ya watazamaji, kwa kuwatambulisha waigizaji kwa majina yao, na mara nyingine faraghani, wenyewe kwa wenyewe.

Jambo hili linakuwa zito zaidi kwenye maigizo shirikishi, yale ya mtindo ambao Augusto Boal wa Brazil aliueneza kuanzia miaka ya 1970, ambapo mtazamaji anasimamisha mchezo na kuingia kubadilisha mwisho. Mtindo huo unafaa sana mtaani kwa kuwa unawapa watu sauti. Lakini mlango ukishafunguliwa, huchagui anayeingia. Mchezo ukiwa wa dhuluma nyumbani, kuna mama atasimama na kusimulia yake. Baada ya onyesho kuna msichana atakuvuta kando na kukwambia jambo ambalo hajawahi kusema. Wewe una miaka 20, ulikuja kuigiza, sasa umegeuka mshauri. Umeandaliwa kwa hilo? Mara nyingi hapana. Jibu zuri si kujifanya unajua. Ni kusikiliza, kumwamini, na kujua pa kumpeleka. Kila kikundi kinapaswa kutoka nyumbani kikiwa na namba tayari: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa watoto. Na namba hizo si za watazamaji pekee. Ni zako pia.

"HAYO NI MAMBO YA WATU WA KAREN"

Tunasikia hoja ya upande wa pili. Bro, tuko kwenye hasla. Uchungu wetu ndio mtaji wetu. Wale wa shule za bei wana sauti nzuri na Kiingereza cha puani, sisi tuna ukweli. Mkitunyang'anya huo, tunabaki na nini?

Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Ni kweli kwamba aliyeishi mtaa anaujua kuliko aliyeusoma. Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, ile ya David "Tosh" Gitonga, iligusa watu kwa sababu ilinusa Nairobi yenyewe, na Joseph Wairimu akashinda tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa nafasi ya Mwas. Lakini Wairimu alikuwa mwigizaji mwenye kazi ya kujenga mtu, eneo baada ya eneo, hadi ukamwamini. Kilichoshinda Durban ni ufundi uliobeba ukweli. Ukweli bila ufundi unakupa onyesho moja kali, halafu unakwisha. Na anayekulipa akimaliza huo uchungu wako atahamia kwa mwenzako aliye na uchungu mpya.

Kwa hiyo kama kweli uchungu ni mtaji, basi ulinde kama mtaji. Hakuna mfanyabiashara Toi Market anayechoma stoki yake ili wateja waone moto.

Na hili la kusema ni anasa za Karen halisimami. Fundi wa mjengo anahitaji helmeti zaidi kuliko tajiri anayepita na gari, kwa sababu ni yeye aliye chini ya mawe. Sisi ndio tunaoigiza vifo, njaa na ubakaji. Sisi ndio tunahitaji helmeti ya akili.

Linganisha pia muda. Lupita Nyong'o alihitimu Yale mwaka wa 2012 baada ya kozi ya miaka mitatu ya uigizaji, ndipo akaigiza Patsey, mtumwa anayeteswa, kwenye 12 Years a Slave, na Machi 2014 akanyakua Oscar. Miaka mitatu ya kufunzwa sauti, mwili na akili kabla ya nafasi nzito kama hiyo. Kijana wa Kawangware anapewa nafasi ya uzito uleule baada ya warsha ya siku mbili na soda. Tofauti hiyo si ya kipaji.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mapema miaka ya 2000, shirika la AMREF na mwelekezi Mwitaliano Marco Baliani walifanya kazi na watoto waliotoka mitaani, upande wetu wa Dagoretti, wakaunda mchezo wa Pinocchio Nero, ambao walikuja kuucheza hapa Nairobi na Italia. Angalia kilichochaguliwa. Ingekuwa rahisi kuwaweka watoto hao jukwaani wasimulie gundi, baridi na kipigo. Badala yake walipewa hadithi ya kikaragosi cha mbao kinachotaka kuwa binadamu. Kila mtu ukumbini alielewa maana yake. Lakini mtoto alikuwa na mbao kati yake na maisha yake.

TUNACHODAI

Kwa waelekezi: acheni kuchochea machozi kwa kufukua maisha ya watu mbele ya kikundi kizima. Kama hamjui la kufanya na kilichofukuliwa, msifukue. Jifunzeni njia nyingine, zipo. Na tengeni dakika kumi za mwanzo na kumi za mwisho kama sehemu ya mazoezi, si hisani.

Kwa mashirika yanayolipa vikundi kuigiza dhuluma na vita: mnaweka kwenye bajeti hema, spika, fulana na mpiga picha. Wekeni pia mshauri mmoja siku ya onyesho, na chakula kabla ya onyesho. Ripoti yenu ikihesabu watu wangapi walihamasishwa, ihesabu pia waigizaji waliendeleaje baadaye. Ni aibu kuhubiri afya ya akili kwa mdomo wa kijana ambaye hakuna aliyeiuliza yake.

Kwa watengenezaji wa filamu wanaokuja Kibera na Kawangware kutafuta "sura halisi": mtu halisi ana usiku halisi baada ya ninyi kupakia kamera. Kama mnampa nafasi ya mauti, mpeni skripti mapema, mweleze kitakachotokea, na msimwite saa kumi alfajiri bila kumwambia leo tunapiga onyesho gani. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi awepo, na awe anaelewa.

Na kwako wewe, msee unayesoma hii kwa simu ukielekea mazoezini. Nunua daftari. Andika maswali ya mhusika wako na majibu yake. Upande wa pili wa daftari, andika mambo yako ambayo hayatapanda jukwaani, hata mwelekezi aombe vipi. Huna haja ya kumwonyesha mtu. Ukishaandika, utajua mpaka uko wapi. Mwombe mwenzako mmoja kwenye kikundi awe anakuuliza "uko sawa?" kila mara baada ya onyesho gumu, na wewe umuulize yeye. Kama mhusika anakufuata hadi usingizini wiki nzima, ongea na mtu kabla ya onyesho lijalo.

Kama kikundi chako hakina desturi ya kuvua uhusika, usingoje warsha. Kwenye mazoezi yajayo, kabla watu hawajabeba mabegi, waombe dakika kumi tu. Wengine watacheka. Endelea. Sema jina lako kwanza.